Lugha ya Matembezi: Siku Tatu za Mke na Mume kutoka Jomvu Kuu

Utangulizi

Aghalabu makala za jarida la chama chetu huanza na kitabu, kisha kitabu kikatafutiwa maisha ya kukithibitisha. Makala haya yamekwenda kinyume. Yalianza na karatasi moja iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, ikasomwa barazani Jomvu Kuu mbele ya ajuza mmoja, na hapo ikafeli. Mwandishi wa karatasi hiyo ni mimi, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili.

Ifahamike kwamba mimi ni mtu wa bara, mzaliwa wa Bungoma, na mke wangu ni mzaliwa wa Jomvu Kuu. Harusi yetu iliangukia juma la mitihani. Siku ya pili yake nilipanda basi nikarudi chuoni, na deni hilo nimelibeba miaka mitatu. Agosti ya mwaka jana tuliazimia kulilipa kwa siku tatu za matembezi: siku ya kula mjini Mombasa, siku ya kupanda vilima vya Rabai, na siku ya kuzuru miji ya pwani ya kaskazini hadi Kilifi. Kwa kuwa nilikuwa nimeombwa na wenzangu nitunge kielelezo cha insha ya safari kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, niliona nipige ndege wawili kwa jiwe moja. Nikaandika:

"Mimi na mke wangu tutafanya likizo ya kiangazi ya siku tatu, ambayo itakuwa kama fungate yetu. Siku ya kwanza tutachukua matatu mpaka mjini na kuwa na chakula kizuri. Siku ya pili tutafanya kupanda mlima huko Rabai. Siku ya tatu tutachunguza miji midogo ya kupendeza ya pwani."

Nyanya yake mke wangu alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele kwenye uteo. Kisha akasema: "Maneno yote nayajua, baba. Safari yenyewe ndiyo siielewi."

Msomaji mpendwa, itazame tena aya hiyo. Upatanisho wa kisarufi ni timamu, tahajia ni sahihi, na hakuna hata neno moja lisilopatikana katika kamusi. Mwalimu wa shule ya upili angeipa alama nzuri. Hata hivyo, mzawa wa Uswahilini, aliyekizungumza Kiswahili tangu ziwani mwa mamake, hakuiona safari ndani yake. Hoja ya makala haya ni kwamba Kiswahili kina lugha pevu ya matembezi ya starehe, na kwamba sisi wasomi tumeacha kuitumia kwa sababu tunaitunga safari kwanza katika lugha nyingine kichwani, ndipo tunaitafsiri. Hasara yake si ya ufasaha tu. Katika tafsiri hiyo, watu wanaoishi mahali tunapokwenda hutoweka kutoka kwenye sentensi.

Kiangazi cha nani?

Nyanya aliuanza uhakiki wake na neno ambalo nililiamini kuliko yote. "Kiangazi mwezi huu? Na hili kusi lavuma hivi?"

Shuleni tulifundishwa majira manne ya mwaka na kupewa majina yake kama mtu anayegawiwa sare. Kiangazi kilikuwa ni majira ya joto ya Ulaya, vuli ikawa ni majira ya majani kupukutika, na kipupwe kikawa ni majira ya theluji. Majina haya yote ni ya pwani, na kila moja lina kazi yake huku. Pwani yetu haihesabu mwaka kwa jua kusogea bali kwa upepo kugeuka. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na hiyo ndiyo miezi ya joto na ukavu, kiangazi chenyewe. Kisha upepo hugeuka, mvua za masika, ambazo Mombasa huitwa pia mvua za mwaka, hunyesha, na kusi hushika hadi mnamo Septemba. Katikati ya kusi, Juni hadi Agosti, ndimo kilimo kipupwe, baridi ya pwani inayowafanya watu wajitande mashuka alfajiri. Vuli ni mvua ndogo za baina ya Oktoba na Desemba.

Basi anayeandika "likizo ya kiangazi" akimaanisha Agosti amekipindua kipupwe kikawa kiangazi. Katika insha ihusuyo London hilo linaweza kusameheka, kwani Agosti ya huko ni ya joto kwelikweli. Katika insha ihusuyo Jomvu Kuu ni kosa la maana, wala si la msamiati tu. Msomaji wa pwani akiambiwa kiangazi huona bahari tulivu, maembe, na jua la kuchoma nyayo. Agosti ataikuta bahari imechafuka, mwani umerundikana ufuoni, na wavuvi wa mashua ndogo wakichagua siku ya kutoka. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Mtu asiyejua upepo uliopo hakujua ni nani aliyepo mjini.

Nilijaribu kujitetea kwamba lugha hukua na maneno hupanuka maana. Ni kweli, nami sipingi mwandishi kusema kiangazi cha Ulaya, mradi akitaje kuwa ni cha Ulaya. Ninachokipinga ni kukipakia hicho cha Ulaya melini na kukishusha Kilindini bila ushuru.

Fungate, likizo na mandari

Katika neno la pili nyanya alicheka hasa. "Fungate haitoki nyumbani, baba. Siku saba hutoki hata barazani."

Katika matumizi ya leo, hususan magazetini, fungate ni safari ya maarusi kwenda hotelini ufuoni. Katika mila ya Waswahili fungate ni siku saba baada ya harusi ambazo bwana na bibi arusi hukaa ndani, nyumbani kwa upande wa mke, wakipikiwa na kuhudumiwa na jamaa. Mwendo hauko kwa maarusi. Uko kwa wanaowaletea masinia ya chakula. Kwa hivyo aliyesema "tutakwenda fungate" alikuwa, masikioni mwa nyanya, kama aliyesema atakwenda kukaa.

Neno lenyewe lina hazina nyingine. Kabla Kiswahili hakijaazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, saba ilikuwa ni fungate. Tarakimu hiyo imetutoka vinywani katika hesabu, ikabaki imejificha katika harusi. Lakini tazama ng'ambo ya mkono wa bahari, katika lugha za Mijikenda: saba ni fungahe au mfungahe hadi leo, na huhesabiwa nayo nazi na mbuzi. Vivyo hivyo tisa. Wamijikenda wanajiita kwa kenda, tisa ya Kibantu, ilhali Waswahili wa Mombasa waliita shirikisho lao Tisa Taifa, kwa tisa ya Kiarabu. Jomvu ni mojawapo ya mataifa hayo tisa. Watu wa kenda na watu wa tisa waliishi wakitazamana, wakiuziana na kuoana, na hesabu zao ni shahidi.

Likizo nayo si neno kavu kama linavyosikika katika barua za maofisi. Kulikiza, katika kamusi za zamani, ni kumwachisha mtoto ziwa. Likizo basi ni kuachishwa: mtu anatolewa kwenye kile alichokizoea kunyonya kila siku. Sijui neno jingine linaloeleza vyema zaidi hali ya mwanafunzi wa uzamili siku ya kwanza bila maktaba. Lakini likizo ni muda, haifanywi. Tunapewa likizo, tunaenda likizo, tuko likizoni. "Kufanya likizo" ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Mtalii ana ukoo wa kuvutia pia. Ametoka katika kutalii, kutazama kwa makini, na ni jamaa wa karibu wa mtalaa, yaani kujisomea. Asili yake mtalii ni msomaji, ila kitabu chake ni nchi. Biashara ya hoteli imemgeuza kuwa mtu wa kulala juani.

Nyanya aliponisikia nikihangaika, alinipa neno ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulitamka: mandari. Watu wakitoka pamoja na chakula chao kwenda ufuoni au shambani kwa furaha, hiyo ni mandari. Mkitoka jioni bila chakula wala kusudi, mwapunga upepo. Mkizunguka mji mkitazama watu na vitu, mwavinjari. Na kutembea kwenyewe kuna pande mbili. Methali moja husema tembea uone, nyingine husema mtembezi hula miguu yake. Mwanafunzi akizitumia zote mbili katika insha moja ataambiwa amejipinga, kumbe jamii yenyewe haikuwahi kuamua iwapo matembezi ni elimu au ni upotevu.

Chakula cha mjini

Siku ya kwanza tulitoka Jomvu Kuu mapema, tukapanda matatu barabarani. Tuliipanda wala hatukuichukua, kwa maana anayechukua matatu isiyo yake huitiwa polisi. Tukapita Mikindani na Changamwe, tukavuka Makupa, tukaingia kisiwani.

Sitaeleza kila tulichokila. Nitaeleza kilichonishangaza, nacho ni majina. Asubuhi tulikula mahamri kwa mbaazi za nazi Kibokoni, tumeketi kwenye ubao mwembamba karibu na mlango wa nyumba ya watu. Mahamri ni jamaa ya hamira. Jina linakueleza kwamba unga umechachuliwa. Mchana tukala samaki wa kupaka. Hoteli nyingine za ufuoni, nimeona, humwandika samaki huyu kuwa ni "samaki katika mchuzi wa nazi". Tafsiri hiyo imemzamisha. Samaki wa kupaka hakai katika mchuzi. Huchomwa kwanza makaani, kisha hupakwa tui zito lililokolezwa viungo na ukwaju, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Jina ni kitenzi, na kitenzi ni maelezo ya upishi. Ndivyo ulivyo pia mkate wa kumimina, ambao rojo lake la mchele humiminwa chomboni.

Aina ya pili ya majina hutaja chombo badala ya tendo: mkate wa mofa kwa tanuri lake la udongo, mkate wa sinia, viazi vya karai. Aina ya tatu ni majina yaliyosafiri, kama kaimati, ambazo jamaa zao wa Ghuba huziita lugaimat. Ningependa mwanafunzi mmoja wa isimu alichukue jambo hili alifanyie utafiti: kwa nini mapishi ya pwani hutaja mkono wa mpishi na chombo chake mara nyingi kuliko kiungo? Mwandishi anayekwenda kula mjini na kuandika tu kwamba chakula kilikuwa "kitamu ajabu" amemfuta mpishi, ilhali majina yenyewe yalikuwa yanamtaja.

Alasiri tulivinjari Mji wa Kale. Kuna barabara hapo iitwayo Ndia Kuu. Mwanafunzi mwenzangu wa bara aliwahi kuniambia kwamba ni kosa la uchapaji. La, si kosa. Ni Kimvita, ambacho njia yake ni ndia na njoo yake ni ndoo. Sauti hiyohiyo ya meno husikika kwa muuza kahawa apitaye na dele lake akiuza kahawa tungu, yaani chungu. Hata mgeni asiyejua kwamba kuna lahaja hununua kikombe kwa jina la Kimvita. Huenda ndiyo sababu jina hilo limedumu.

Sharti nikumbushe jambo hapa. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, nao ulifanyika Mombasa. Kimvita kilishindwa nyumbani kwake. Sikusudii kuufufua mjadala huo, na usanifishaji umetupa mengi, likiwemo jarida hili. Hata hivyo Kimvita kina washairi kama Muyaka na kina kamusi ya Krapf ya mwaka 1882. Lahaja za pembeni yake hazikubahatika hivyo. Kuhusu Chijomvu, kazi mahususi ninayoifahamu ni kijitabu cha H. E. Lambert cha mwaka 1958, ambamo Chijomvu kimewekwa pamoja na Kingare. Kijitabu hicho kina umri unaokaribiana na wa mama mkwe wangu.

Jioni tulikwenda kupunga upepo Mama Ngina, kwenye ufuo uliokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, tukanunua muhogo wa kukaanga uliotiwa ndimu na pilipili. Mke wangu aliniuliza kama ningeyaandika haya yote. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi kula kwanza."

Mwapandia nini?

Karatasi yangu ilikuwa imesema "tutafanya kupanda mlima". Kitenzi "fanya" kilikuwa hapo kwa sababu nilitaka kutaja kupanda kama mchezo, kitu kinachofanywa kwa ajili yake chenyewe. Nyanya aliuliza swali la maneno mawili tu: "Mwapandia nini?"

Wanaofundisha kauli ya kutendea wangeweza kulitumia swali hili kama mfano bora. Kiambishi kimoja, kikifuatwa na "nini", kinadai sababu. Unaweza kupanda mlima bila sababu. Huwezi kuupandia bila sababu. Lugha haikukatazi kujifurahisha, lakini imekuandalia mlango wa kuulizwa.

Tulipanda. Tulishuka garini Mazeras tukashika njia ya miguu kuelekea Rabai, minazi huku na huku, udongo umelowa kwa manyunyu ya usiku. Njia inapanda na kushuka, na mtu wa Bungoma kama mimi, aliyeuona Mlima Elgon kila asubuhi ya utoto wake, anaweza kuudharau mwinuko huo kwa nusu saa ya kwanza tu. Unyevu wa pwani una uzito wake. Mke wangu alitangulia akiwa na kanga yake kichwani, akinisubiri kila penye kivuli.

Na njiani nikawa ninalijibu lile swali kwa niaba ya waliotutangulia. Wenyeji walivipandia vilima hivi usalama: kaya zao zilijengwa juu, ndani ya msitu, ili adui asizione. Misitu ya kaya za Mijikenda, ya Rabai ikiwemo, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini hata kabla ya hapo ilikuwa na sheria zake, na mtu haingii bila idhini ya wazee. Sisi hatukuingia. Ninashangaa kwamba vijitabu vya wageni huita mahali kama hapo kivutio. Mahali pa maombi na makaburi hapamvutii mtu, humruhusu.

Johann Ludwig Krapf aliupandia Injili. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, na mwaka uohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Nasi tukiwa mke na mume matembezini, tulinyamaza kidogo tulipolisoma jina hilo katika makumbusho ya Rabai. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakahamia Rabai, na kutoka huko Rebmann alifunga safari iliyomfikisha Kilimanjaro mwaka 1848, naye Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Vitabu vya shule vinawaita wagunduzi wa milima hiyo. Lakini walielekezwa na watu waliokuwa na majina ya milima, ya njia na ya visima, na majina hayo yalikuwa yametamkwa kabla ya kuandikwa.

Wengine walikipandia kilima hiki uhai wao. Katika karne ya 19 watumwa watoro kutoka mashamba ya pwani walikimbilia misheni ya Rabai. Kitenzi chao si kupanda bali ni kukimbilia, kauli ileile ya kutendea, ila safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza "nini". Nilipofika juu na kugeuka, nikiona mikoko na maji yanayong'aa upande wa Jomvu, nilitambua kwamba mandhari niliyokusudia kuisifu katika insha ilikuwa ni ile ambayo mtoro aligeuka kuitazama akihofia kufuatwa.

Miji midogo ya kupendeza

Siku ya tatu tulivuka daraja la Nyali tukaelekea kaskazini. Kituo cha kwanza kukitaja ni Kengeleni, Kisauni. Jina ni rahisi kulichambua, kengele na kiambishi cha mahali, na watu hulitaja mara elfu kwa siku kwa makondakta. Kengele yenyewe ni ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875.

Mtwapa, tulizuru magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ambao msikiti wake umesimama karibu kabisa na maji. Mtwana ni mtumwa wa kiume. Mji umekufa na jina la mtumwa ndilo lililobakia. Tulikula mandari yetu chini ya mbuyu: wali wa nazi tulioufunga nyumbani, na achari ya embe. Kilifi tulivuka daraja lililofunguliwa mwaka 1991, ambalo kabla yake watu walivuka kwa kivuko, tukatazama magofu ya Mnarani yaliyo juu ya hori.

Nilikuwa nimeandika "tutachunguza miji midogo ya kupendeza". Mke wangu alinieleza tukiwa Mnarani kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyomuudhi kuliko zote, hata akaacha kuniambia kwa siku mbili nisije nikavunjika moyo. Sababu yake ni hii. Tisa Taifa za Mombasa, pamoja na Wamvita na Wajomvu, zinahesabu Wamtwapa na Wakilifi, watu ambao wazee wao walitoka katika miji hiyo na kuhamia Mombasa ilipodhoofika. Kadhalika Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Jumla ni taifa kumi na mbili. Kwa hiyo kwake yeye Mtwapa na Kilifi si majina ya fuo za kuogelea. Ni majina ya watu walioketi katika baraza moja na babu zake.

"Wewe wenda kuchunguza," aliniambia. "Mimi nenda kutembelea."

Tofauti ya vitenzi hivyo viwili inatosha somo zima la umilisi. Kuchunguza kunamhitaji mchunguzi na kitu. Kutembelea, kwa kauli yake ya kutendea, kunamhitaji mwenyeji. Mwandishi wa insha ya safari anayeanza na kitenzi cha kwanza ataandika magofu, mchanga na machweo. Anayeanza na cha pili atalazimika kuandika ni nani aliyemfungulia mlango.

Waandishi wa kale wa safari kwa Kiswahili walilijua hilo. Mngazija Salim bin Abakari, aliyefuatana na Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896 na ambaye habari zake zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, alilazimika kuieleza nchi ya theluji kwa Kiswahili cha pwani. Hakuwa na lugha nyingine ya kutafsiria kichwani iliyokuwa imeshamwamulia kipi ni cha kupendeza. Inasikitisha kwamba tunamsoma mara chache sana katika kozi zetu za nathari, na tunapomsoma twamsoma kama ushahidi wa historia, si kama mwalimu wa mtindo.

Kurudi

Tuliingia Jomvu Kuu baada ya magharibi, na halwa ya Mji wa Kale mkononi, kwani mtembezi harudi mikono mitupu. Usiku ule niliiandika upya aya yangu:

"Kusi lilikuwa bado lavuma tulipotoka, mimi na mwenzangu, siku tatu za matembezi. Ya kwanza tuliila mjini. Ya pili tulipanda Rabai, na hadi sasa natafuta jibu la nilichokipandia. Ya tatu tulikwenda kuwatembelea Wamtwapa na Wakilifi makwao, tukakuta wamehama zamani, tukala mandari yetu mlangoni kwao."

Asubuhi nilimsomea nyanya. Hakuisifu. Alisema sentensi ya kwanza ndefu, na akaniuliza kwa nini sikutaja jina la upepo unaovuma baina ya kusi na kaskazi. Nikamjibu kwamba tulisafiri Agosti na upepo huo ulikuwa haujaingia. Akasema si hoja, lau ningeuliza ningeambiwa. Kisha, kwa kuwa nilimsimulia habari ya fungate na fungahe, alianza kuhesabu kwa vidole kama alivyowasikia wachuuzi wa nazi kutoka Rabai wakihesabu alipokuwa mtoto. Alipofika saba alisimama, akatabasamu, akaendelea. Baadhi ya maneno aliyoyataja baada ya hapo, ya hesabu na ya vipimo vya nazi, sijayaona katika kamusi yoyote niliyo nayo. Nimeyaandika kumi na manne. Mke wangu amekwisha niambia kwamba mengine anayajua shangazi yake, anayeishi nyumba ya tatu kutoka msikitini.